Kufuli Tatu Kwenye Kabambe

Sanduku letu la kwanza lilikuwa la bati, rangi ya kijani, na lilikuwa na kufuli tatu. Vyama vingi vya akiba vya wanawake kwenye ufuo huu vina sanduku la namna hiyo, na sheria yake ni fupi: funguo tatu, wanawake watatu, na hakuna afunguaye peke yake hata akiwa mke wa askofu. Mwenyekiti alikuwa na ufunguo mmoja, mweka hazina wa pili, na mimi katibu nilikuwa na wa tatu. Nilikuwa nimestaafu ualimu wa chekechea na mwandiko wangu unasomeka, basi wakanipa kalamu. Sisi ni wauza omena, wale dagaa wadogo wa Ziwa Viktoria, upande wa Asembo Bay, ishirini na wachache hivi, na wote huniita Mwalimu.

Mwizi alikuja mchana, siku ambayo sote tulikuwa ufuoni tukigeuza omena juu ya neti. Kufuli hakugusa hata moja. Alibeba sanduku zima, nadhani kichwani, kama mtu anayehamisha vyombo vyake.

Sanduku hilo lilikuwa likikaa nyumbani kwa mweka hazina. Afadhali niseme mapema: mimi ndiye niliyekuwa wa kwanza kumshuku, tena nilimshuku kwa sauti. Mweka hazina ni mama mnene, mcheshi, mwepesi wa machozi, anayeweza kulia kwenye harusi ya watu asiowajua. Siku ile alilia mpaka macho yakavimba, nami nikasimama katikati ya kikao nikasema machozi si risiti. Wanawake walicheka. Mwenyekiti peke yake hakucheka. Baadaye mwizi akajulikana, na hakuwa na uhusiano wowote na mweka hazina. Nilimpelekea mama yule kilo mbili za sukari, nikaona yamekwisha. Neno samahani lenyewe sikulitamka, maana mwalimu akizoea kusahihisha watu husahau kusahihishwa.

Mwenyekiti wetu ni mjane wa mvuvi, mtu wa maneno machache, na ana binti ambaye ni nesi ng'ambo. Binti huyo ndiye aliyetuletea habari za bitcoin, pesa ya kwenye mtandao. Alimpigia mama yake, mama yake akaweka simu kwenye sauti kubwa, na sote tukakaa kuizunguka.

"Hii haiwezi kubebwa kichwani," binti alisema.

"Inakaa wapi?" mmoja akauliza.

"Haikai mahali pamoja."

"Pesa haikai mahali ni pesa ya majini, yawa!"

Tulicheka, lakini tuliendelea kusikiliza, kwa sababu binti alikuwa na jambo jingine: alitaka kukiongezea chama fedha, na kwa njia hii makato ya kutuma yalikuwa madogo. Mimi nikauliza la intaneti. Kwetu intaneti huja mara moja moja na haikai. Ukiitaka kwa hakika unakwenda nyuma ya choo cha shule, unasimama juu ya jiwe. Binti akasema haihitajiki. Kuna huduma ambayo unabonyeza nyota, namba chache na heshi, kama mtu anayenunua kredo ya simu, kisha menyu inakuja kwenye simu yoyote. Basi tukanunua kabambe ya chama, simu ndogo ya vitufe yenye tochi, na mweka hazina akapewa kuitunza.

Shida ilikuja kwenye namba ya siri. Huduma ilitaka namba sita, na binti akasema mtu mmoja tu azijue. Mtu mmoja! Ilikuwa kama kuwaambia wanawake wale wauze watoto wao. Kufuli tatu ziko wapi? Mimi ndiye niliyepaza sauti kuliko wote. Nilisema asiyetaka kufuli ana lake jambo, na nilipokuwa nikisema macho yangu yalijua yanatazama wapi. Tukakubaliana hivi: kila mwenye ufunguo achague namba mbili zake, asimwambie mtu. Mweka hazina abonyeze mbili za kwanza, ampe mwenyekiti abonyeze mbili za kati, kisha mimi nimalizie.

Huduma hizi za nyota hazina subira. Ukichelewa kidogo zinakukatia, unaanza upya. Siku za mwanzo tulikatiwa mara nyingi sana, maana tulikuwa tukipitisha simu chini ya leso, polepole na kwa heshima, huku wanachama wengine wametugeuzia mgongo wakitazama ziwa. Mwisho tulizoea. Simu ilitoka mkono hadi mkono kama chapati ya moto, na ujumbe ukaingia kwamba tumetuma. Bitcoin tulikuwa tukiituma kwa mwenye duka mmoja mjini Kisumu, Mhindi ambaye familia yake imeuza neti na kamba tangu enzi za babu yake. Watoto wake wako nje, naye alipenda bitcoin kwa sababu zake. Tunamtumia tukiwa tumesimama mchangani, mikono inanuka samaki, naye anatupakilia neti na magunia kwenye gari la jioni. Mwenyekiti alipenda kuusoma ule ujumbe kwa sauti, neno kwa neno.

Sasa nieleze kosa letu. Kabambe haifichi kitu. Unapobonyeza namba kwenye menyu ile, namba inabaki pale kwenye kioo, nyeusi, kubwa, ya kuwafaa watu wa macho kama yetu. Wa kwanza hupata kioo kitupu. Wa pili hukuta namba mbili za mwenzake. Wa tatu hukuta nne, akiongeza zake anazo zote sita. Mweka hazina, kwa kuwa yeye hupata kioo kitupu, aliamini na sisi tunapata kitupu.

Niliona siku ile ile ya kwanza. Ningeweza kusema papo hapo, tukacheka, tukatafuta njia nyingine. Lakini nilikuwa nimetoka kuhubiri kufuli tatu kwa nusu saa nzima, na sikutaka kuonekana mjinga mbele ya watu ambao watoto wao niliwafundisha kuhesabu. Nikajiambia sitazami. Uongo mtupu. Mtu aliyeishi miaka thelathini na namba ubaoni haioni namba asiisome. Mwenyekiti naye lazima aliona zile mbili za mbele, lakini hakusema. Siri ya mtungi aijuaye kata, na kata hasa ilikuwa mimi. Tena nitakubali: ilinipendeza kidogo. Tukikaa kikaoni, nilikuwa nikiwatazama wote nikiwaza kwamba mimi ninaweza na nyinyi hamwezi. Sikuchukua hata senti. Lakini ilinipendeza.

Kisha mwenyekiti akaugua. Ilikuwa asubuhi, tumeanza kutandaza neti, akajishika tumbo akakaa chini, na mwenyekiti si mtu wa kukaa chini wakati wa kazi. Tumbo lilikuwa limejaa na gumu. Tulimpakia kwenye pikapu iliyokuwa ikipeleka omena Kisumu, tukamlaza juu ya magunia, mimi upande mmoja na mweka hazina upande wa pili. Kila pikapu iliporuka kwenye shimo, yeye aliuma ukingo wa leso na hakupiga kelele.

Hospitalini daktari alimpapasa, akampiga picha, akasema utumbo umejisokota na anatakiwa kupasuliwa siku hiyo hiyo. Akichelewa, utumbo utaoza. Alisema hivyo, utaoza, na mweka hazina akanishika mkono.

Sasa siku hiyo mji mzima haukuwa na intaneti. Wengine walisema waya umekatika baharini, wengine wakataja serikali. Mimi sikujua na mpaka leo sijui. Najua tu kwamba mwenyekiti alikuwa na kadi ya bima, tena michango ameilipa yote, na kadi ile siku hiyo ilikuwa kipande cha plastiki. Dada wa dirisha la malipo alikuwa mpole. Hakutufokea.

"Mama, sistimu iko chini," alisema. "Bila sistimu siwezi ona kadi yake. Lipeni deposit kwanza, sistimu ikirudi mtarudishiwa."

Tulikusanya kilichokuwa kwenye simu zetu mbili, hakikufika hata robo. Tukawapigia wanachama ufuoni, wakatuma walichoweza, nacho kikafika karibu nusu. Tulimpigia binti kwa simu ya kawaida ya ng'ambo, ile inayokula kredo yote. Ikaita mpaka ikakata. Alikuwa zamu.

Mweka hazina akatoa kabambe kwenye mkoba. Akabonyeza nyota, namba, heshi. Mji wote ulikuwa umezimika, simu kubwa kubwa za watu zimekuwa tochi, lakini menyu yetu ilikuja bila wasiwasi, ikaomba namba ya siri kama siku zote. Akabonyeza zake mbili. Akanitazama. Za kati zilikuwa za mwenyekiti.

Aliingia wodini kumuuliza. Nilimfuata mpaka mlangoni. Mwenyekiti alikuwa ametundikiwa maji na kuchomwa sindano ya maumivu, akielea kati ya usingizi na macho. Mweka hazina aliinama sikioni mwake, "Mama, namba zako. Namba zako mbili tu, mama yangu." Mwenyekiti akajibu kwamba mvua inakuja, omena zigeuzwe. Aliulizwa tena, akamwita marehemu mumewe. Mweka hazina akatoka, akateleza na ukuta wa ukumbi mpaka sakafuni, miguu ameinyoosha mbele kama mtoto, akalia.

"Ameenda na kufuli, Mwalimu. Atakufa na pesa yake iko hapa kwa mkono yangu."

Namba zote sita zilikuwa kichwani mwangu. Sikuhitaji hata kuzitafuta, zilikuwa zimekaa pale kama jina langu.

Ningemaliza kila kitu kwa kunyoosha mkono. Sikunyoosha. Nilimwambia tungoje, dawa ikipungua mwenyekiti ataamka. Nikaenda kumletea maji ya kunywa ambayo hakuyataka. Nikaenda dirishani kuuliza kama sistimu imerudi, haikuwa imerudi, nikauliza tena. Mbele yangu kulikuwa na saa ya ukutani, na kati ya machozi yake ya kwanza na nilichofanya baadaye ilipita saa nzima. Nilikuwa nikiwaza nini? Nilikuwa nikiwaza kikao. Nilijiona nimesimama mbele ya wanawake wale, mimi niliyesema machozi si risiti, nikieleza kwamba kufuli zao zote tatu nimekuwa nazo mfukoni muda wote huu. Mwenzangu anaoza tumbo, na mimi ninapanga nitaonekanaje. Nilijua ni vibaya hata wakati ninafanya, na nikaendelea kufanya.

Daktari akatoka akauliza tumefikia wapi. Uso wake ulinitia hofu kuliko maneno. Ndipo uongo ukanijia, tena umevaa vizuri.

"Tubahatishe," nilimwambia mweka hazina. "Watu huchagua namba wanazozipenda."

Menyu hukupa nafasi tatu, ukikosea zote inajifunga. Nilimwambia tujaribu mwaka aliozaliwa binti. Nilijua si wenyewe. Nilitumia nafasi moja kati ya tatu ili ubahatishaji wangu upate sura ya kweli, na sijawahi kufanya jambo la aibu zaidi ya hilo maishani mwangu. Menyu ikakataa. Mweka hazina akafumba macho akaanza kuomba. Nikangoja kidogo, kisha nikasema, "Na ule mtumbwi wa marehemu mumewe? Nadhani namba yake iliishia arobaini na saba." Akabonyeza zake, nikabonyeza hizo, nikamalizia zangu. Ikafunguka.

Kelele aliyopiga mama yule ilimtoa nesi kwenye chumba kingine.

Tulimtumia mwenye duka, tukampigia kumweleza. Alisema ngoja. Simu yake kubwa ilikuwa imekufa kama za wengine. "Mwalimu, hii yangu leo ni kioo ya kunyoa ndevu tu," alisema, akachukua simu ndogo ya karani wake, akabonyeza nyota, akaona mzigo umefika. Akatugeuzia kuwa shilingi kwa simu, moja kwa moja kwenye namba ya hospitali, na hakukata chochote. Aliuliza mara mbili jina la wodi. Mwenyekiti aliingia kwenye chumba cha upasuaji kabla ya saa nane mchana. Walimkata kipande cha utumbo, wakamshona, akaishi. Daktari alisema tungekawia zaidi kidogo tu, mambo yangekuwa mengine. Aliniambia mimi, kwa kuwa mimi ndiye niliyekuwa nimesimama karibu.

Mweka hazina alitangaza muujiza. Alimwambia dada wa dirisha, akamwambia dereva wa pikapu, akauambia ufuo mzima: Mungu ameongea na Mwalimu! Nikawa nabii wa omena. Mwanachama mmoja mjamzito aliniuliza kama atazaa msichana au mvulana. Nilicheka nao, sikukanusha.

Siku ya tano tulikwenda kumwona mwenyekiti. Alikuwa amekaa kitandani, amekonda, macho yamerudi mahali pake. Mweka hazina akamsimulia yote kwa mikono na miguu, na alipofika kwenye mtumbwi wa marehemu alipiga makofi. Mwenyekiti alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akamwomba mwenzake amtafutie maji moto ya chai. Tukabaki wawili.

"Mtumbwi ya mzee ilikuwa inaisha na kumi na tatu," alisema. "Na wewe unajua."

"Najua."

"Hata mimi naonanga zake huyo aliyetoka. Macho ni ya kuona, Mwalimu, sina shida na macho." Akapumua kwa shida kidogo, kidonda kilikuwa bado kibichi. "Yeye alilia muda gani?"

Nilimwambia saa moja. Nilimwambia pia kwamba saa hiyo ingeweza kumuua, na kwamba niko tayari kwa lolote atakalosema.

"Mimi nilikuwa nimelala," alisema. "Hiyo kesi si yangu." Akageukia ukuta mpaka mweka hazina alipoingia na chupa ya chai.

Njia ya mwongo ni fupi, lakini mimi niliitembea wiki mbili zaidi. Nilipopiga moyo konde, nilichagua kikao, mbele ya wote, kwa sababu kuungama kwa watu ishirini ni rahisi kuliko kuungama kwa mmoja. Nilisimama nikasema yote: kioo, namba nne nilizokuwa nikizikuta, nafasi niliyoitupa, mtumbwi. Kulikuwa na kelele, kisha kicheko, maana nabii kuanguka ni jambo la kuchekesha. Yule mjamzito alitaka utabiri wake ufutwe. Wakanitoza faini, wakaninyang'anya ufunguo, kalamu wakaniachia. Wakabadilisha namba zote. Na kwa kuwa sasa kila mtu anajua kwamba wa mwisho huona namba zote, wakampigia kura huyo wa mwisho. Mambo yalimalizwa kwa akili zaidi kuliko nilivyostahili.

 Nilimngojea mweka hazina alie, nilikuwa nimejiandaa kwa hilo. Hakulia.

Kesho yake nilimkuta ufuoni peke yake, ameinama juu ya neti. Nikaanza kugeuza upande wa pili. Nilimwambia samahani. Nilimwambia samahani kwa sanduku na samahani kwa hospitali, nikitumia neno lenyewe kila mara, na lilikuwa zito mdomoni kama neno la lugha ngeni. Aliendelea kugeuza mpaka mwisho wa neti, akajinyoosha, akajishika kiuno.

"Ya sanduku nilisamehe kitambo," alisema. "Ile siku ulidhani mimi ni mwizi. Mtu anaweza dhani vibaya, ni kawaida. Lakini pale hospitali hukudhani kitu, Mwalimu. Ulikuwa unajua mimi ni nani, unajua nalilia nini, na dawa yake uko nayo. Ukaniangalia tu nikilia."

Akainua karai lake akaenda kwenye neti nyingine, akaniacha na upande wangu.